Mchezo Niliomtegea Bundala

Rwamgasa, Geita
Jumapili mchana

Kwako dada yangu Kabula, Mama Kulwa,

Shikamoo dada. Naomba kwanza ukae. Kama kuna chungu motoni, kiipue, uwaite Kulwa na Doto waje karibu, maana barua hii ni yao pia. Mimi mwili wangu mzima. Mama anaendeleaje na miguu? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa lori la pamba, ilifika? Huku mvua imetukalia mwezi mzima. Sabuni haionekani dukani, na unga tunaokula ni ule wa njano unaonuka gunia. Lakini sikushika kalamu kukulilia njaa.

Dada, Shija hakukukimbia. Hakutoroka na dhahabu ya mtu, hakuvuka kwenda Zaire, hakuoa mwanamke mwingine. Mume wako alikufa hapahapa Rwamgasa, miaka minne iliyopita, siku ileile ambayo rafiki yake Bundala alidai alimwona akipanda lori. Nalijua hilo sasa kwa macho yangu, na nitakueleza nilivyolijua, ili atakayekuuliza umjibu bila kubabaika.

Nilipoaga nilisema nakwenda kutafuta kazi. Nilikudanganya. Mimi ndiye niliyekuja kukuchukua Ushetu siku wakwe zako walipoviweka vyombo vyako nje ya ua, pembeni ya banda la tumbaku. Nilimsikia shangazi yake Shija akiwaita mapacha watoto wa mwizi, nao wakiwa wamekushika kanga huku na huku. Njia nzima kutoka pale hadi hapo Nyahanga sikusema neno, ukadhani nimechoka. Nilikuwa nawaza jina moja tu. Ndilo lililonileta huku.

Bundala hakunijua. Wakati yeye na Shija wanaondoka nyumbani, mimi nilikuwa bado mpishi kwa wale wazungu wapima miamba, kwa hiyo hatukuwahi kuonana. Nilimwambia natoka Bariadi. Akanipokea kwenye kikundi chake, akanipa nafasi ya kulala na blanketi la kujifunika. Nimekula naye sahani moja miezi saba. Ni mtu wa maneno matamu, anapenda utani, na akicheka unajikuta umecheka naye. Hilo ndilo lililonitesa kuliko kazi ya mwamba.

Siku nyingi mimi ndiye niliyeshika kamba yeye akishuka duarani, kwenye shimo la dhahabu. Mtu yuko chini kabisa gizani, uhai wake wote umo viganjani mwako. Sitakuficha, dada, nilikuwa naichezea ile kamba kwa vidole. Sikuiachia, na si kwa huruma. Niliona akifa hivyo, atazikwa kwa heshima na wenzake watamlilia, na Shija atabaki mwizi. Nilitaka aseme kwanza. Na nilitaka aseme mbele ya watu.

Pale kwa wazungu palikuwa na mchezo waliocheza kila Jumamosi. Mmoja anasimulia hadithi, lakini hasemi yote. Kila aliyekaa mezani amepewa mtu wake ndani ya hadithi, mwindaji au askari au mwizi, na yeye ndiye anayeamua mtu wake anafanya nini. Wakibishana kama jambo litawezekana, wanatupa dadu. Hadithi moja inaweza kwenda miezi. Mchezaji wao mmoja alipougua walinikalisha mimi, na mpaka wanafunga kambi nilikuwa nimejua hata kusimulia.

Mvua zilipoanza, maduara yakajaa maji, hakuna wa kushuka. Watu wakawa wanashinda kwa Mama Zuhura. Huyu ni mama wa Kiislamu, kwao Tabora, ana mgahawa wa turubai hapa, na kila mchimbaji anayepita ni lazima ale kwake. Nikaomba dadu ya ludo, nikasema nawafundisha mchezo. Wakakaa watatu: Mama Zuhura mwenyewe, Bundala, na Mzee Petro, mchimbaji mkongwe wa hapa ambaye wote tunamsikiliza. Wengine walisimama nyuma kutazama.

Hadithi niliitunga kwa ajili ya mtu mmoja. Mtemi wa zamani amepotelewa na mjumbe wake. Anawatuma watu watatu wamtafute: mganga, huyo ni Mama Zuhura, mwindaji, Mzee Petro, na mzee wa baraza, huyo nikamfanya Bundala. Watatembea porini, watapambana na fisi na njaa, na mwisho watagundua kwamba mjumbe aliachwa shimoni na rafiki yake, na rafiki huyo sasa anakaa kwa mtemi akila na kusifiwa. Hapo ningewarudisha barazani. Na kwa kuwa Bundala ndiye mzee wa baraza, yeye ndiye angepaswa kutoa hukumu. Ningemwuliza mbele ya wote, mtu kama huyo afanywe nini? Angejibu. Kisha ningesimama na kusema mimi ni nani. Hukumu hiyo nimeilalia na kuiamkia majuma matatu.

Bundala aliupenda mchezo kuwapita wote. Alikuwa anawahi kufika, anakaa mbele.

Jumapili moja tulifika mahali penyewe. Nikawaambia, "Mmekutana na mchunga ng'ombe. Anasema mjumbe alishuka shimoni kule mlimani na rafiki yake. Rafiki alitoka, mjumbe hakutoka. Na rafiki huyo mnamfahamu, yuko kwa mtemi." Nikamtazama Bundala. Alikuwa anageuza kikombe chake cha chai, hakunywa.

Nikasema, "Basi mnarudi barazani."

Mama Zuhura akasema, "Nani kasema tunarudi?"

"Mama, msaliti yuko kule. Mnakwenda kumshtaki."

"Baraza litatukimbia? Wewe umesema hakutoka, hujasema amekufa. Mimi mganga, mtu yuko shimoni, nimpite nikatafute kesi? Nakwenda shimoni."

"Ni mbali," nikasema.

"Tuko porini mwezi mzima, leo ndiyo pamekuwa mbali?"

Watu wakacheka. Mzee Petro akasema mwindaji anafuatana na mganga. Dada, mimi sikuwa na kitu chochote kuhusu lile shimo. Nilikuwa nimeandaa baraza, nimeandaa maneno ya mtemi, nimeandaa mpaka kimya cha watu. Shimo sikuliandaa kwa sababu sikutaka kulifikiria. Nilijaribu kuwarudisha kwa mvua, nikasema mto umefurika. Mama Zuhura akachukua dadu, akatupa, ikaonyesha sita. "Nimevuka," akasema. Nikaona mtego wangu wa majuma matatu unabomolewa na mpika maandazi.

Hapo Bundala akasema, "Haina haja ya kwenda kule. Kule hakuna kitu."

Mzee Petro akamgeukia. "Umejuaje?"

"Nasema tu. Mtu wa siku nyingi hivyo."

Sikuwa na hadithi tena mkononi, ikabidi niwaachie wao. Wale wazungu walikuwa wakikwama hivyo, msimulizi anawauliza wachezaji wenyewe kuna nini, kisha anaendelea na jibu lao. Nikasema, "Mzee wa baraza, wewe mashimo unayajua. Basi wewe ndiye umetangulia na kamba. Umefika chini. Tuambie unaona nini."

Alikataa. Akasema mpe Petro. Mama Zuhura akamwambia, "Cheza, baba, usituharibie Jumapili."

Akaanza polepole, macho mezani. "Naona matimba. Ile miti ya kuzuia udongo. Ya kwanza mazima. Ya pili mazima. Ya tatu yamekatika."

"Na mjumbe?"

"Yuko nyuma ya hayo ya tatu. Amebanwa mguu."

"Mguu upi?"

"Wa kushoto. Kifusi kimefika hapa." Akajigusa kiunoni. "Mikono iko huru. Anaweza kusema."

"Anasema nini?"

Mvua ilikuwa inapiga turubai. Bundala hakuniangalia.

"Alisema usiondoke na kamba. Alisema, Bundala, vuta kidogo tu, mguu unatoka. Nikamwambia naita watu."

Mama Zuhura akamwuliza, sauti ya chini kabisa, "Ukawaita?"

"Mfuko ulikuwa na mimi," akasema. "Dhahabu yote ya kikundi. Nilipotoka juu sikukuta mtu. Nikasema nikiwaita, tutagawana. Nikakaa. Alikuwa ananiita. Halafu udongo ukashuka tena, hakuita."

"Nani huyo?" Mzee Petro akauliza, ingawa nadhani alishajua.

"Shija," akasema. "Wa Ushetu."

Nilisimama. Nilikuwa nimepanga kusema maneno mengi siku hiyo, na yote yakanipotea. Nikasema tu, "Shija ni shemeji yangu. Mke wake ni dada yangu, tumbo moja." Bundala akainua uso akanitazama, nikaona amezitambua sura zetu, yako na yangu, kwa mara ya kwanza. Palikuwa na kikaango cha maandazi pale motoni, mafuta yanachemka. Nilikishika. Alama bado iko kiganjani, ndiyo maana mwandiko huu umepinda. Mama Zuhura aliweka mkono juu ya mkono wangu akiona unaungua, akasema, "Mwanangu, ukimmwagia atapiga kelele tu. Bado hatujamaliza kumsikia." Nikakiacha. Mpaka leo sijui kama namshukuru.

Asubuhi yake tulimfunga kamba kiunoni, akatuonyesha duara lenyewe, limemea majani. Watu zaidi ya thelathini walikuja bila kuitwa. Tulichota maji kwa madebe siku tatu. Ya kwanza mazima, ya pili mazima. Nyuma ya matimba ya tatu tulimkuta. Nilishuka mimi mwenyewe, sikukubali mwingine atangulie. Ule mfupa wa mguu uliovunjika zamani alipoangushwa na plau na kuungwa ukapinda, nimeushika kwa mkono wangu. Bangili yake ya shaba ilikuwa bado mkononi. Dada, lia sasa. Miaka minne hukuruhusiwa kulia.

Mama Zuhura alitoa kitambaa cheupe kipya alichojiwekea mwenyewe kuwa sanda, akasema yeye bado ana siku.

Wazee wa wachimbaji walikaa pamoja na sungusungu wanaolinda kijiji. Wapo waliotaka auawe palepale, nami nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Mzee Petro akasema neno lililowashinda wote: huyu akifa leo, kule Ushetu nani atasafisha jina la marehemu? Kwa hiyo ametengwa. Hakuna wa kumsalimia, wa kumuuzia chumvi wala wa kumpa moto. Watoto wanampita kama wanapita kisiki. Nilifikiri hukumu hiyo ni ndogo. Juzi nilimwona amesimama kwenye foleni ya maji ya kunywa mchana kutwa, ndoo yake inasogezwa nyuma kila mara, hathubutu kusema kitu, na nikakaa kwenye jiwe nikatazama mpaka mwisho. Sikujificha. Nilitaka ajue kwamba natazama. Mtaniambia moyo wangu umekuwa mbaya. Umekuwa mbaya, ndiyo, na sijautafutia dawa.

Na akishamaliza kusema kwenu na kule Ushetu, atapelekwa polisi Kahama aseme tena.

Mimi siji. Mzee Petro aliniuliza kama nitafuatana nao, nikamwambia safari ni ndefu, nina mikono miwili, na siiamini hata mmoja. Nitakuja mazishini akishaondoka.

Mama msalimie, mwambie asifunge safari ya kunifuata, nala na kulala. Mjomba mwenye cherehani msalimie, mwambie namshukuru kwa kukupa chumba bila kuuliza maswali. Mwalimu wa elimu ya watu wazima aliyekufundisha kusoma, msalimie sana, bila yeye barua hii ungesomewa na mtu. Baba mkwe wako pale Ushetu mpe shikamoo yangu, na mwambie mwanawe hakumwaibisha. Na shangazi yake Shija naye usimsahau. Msalimie kwa jina lake mbele ya majirani wote, uwasimamishe Kulwa na Doto hapo mbele yake, umwombe awaite tena lile jina.

Sasa inua macho utazame uani. Aliyekupa barua hii ndiye Mzee Petro, mkaribishe kiti na maji, ametembea sana. Yule wa nyuma yake mwenye sanduku kichwani ndiye Bundala, na aliyemo sandukuni ni mume wako. Tumekubaliana kwamba hapo uani hatalitua mpaka umwambie. Usiharakishe. Muulize lolote unalotaka, mara nyingi unavyotaka, naye atajibu akiwa amesimama hivyohivyo juani.

Ni mimi mdogo wako,
Maduhu