Jamvi Nyuma ya Mashine ya Baridi

Jumanne, 8 Agosti 1995

Nimefagia uani tena. Vumbi la malori yaendayo kambi ya wakimbizi ya Benaco halina adabu, linaruka ukuta bila hodi. Nimepika maharage, nimefua, nimefagia mara nyingine. Kisha nikakosa la kufanya. Eda yangu bado mwezi na zaidi, na kuta hizi nimezichoka. Marehemu anisamehe. Kumlilia naweza. Kukaa mahali pamoja siwezi.

Mashine ya baridi imezima tena mchana. Ile waliyoitia wapangaji wangu, watu wa shirika la misaada, kwenye ukuta wa chumba cha dawa. Uso wake uko kwao, makalio yake uani kwangu. Masika yote ilinguruma bila shida. Tangu kiangazi kikolee inanguruma kidogo, inakata, inapumzika, inaanza upya.

Anjelina amekuja kunieleza. Ndiye mtunza ghala wao, na ndiye pekee wa upande ule anayevuka pazia langu, kwa kuwa ni mwanamke. Anasema dawa za kambini zikipata joto hazifai tena, na watoto wa Benaco ndio wanaozisubiri. Mkubwa wake amesema mashine isipopona kabla ya mwisho wa mwezi, wanahamia Ngara mjini.

Wakihama, nyumba haina mpangaji. Ikikosa mpangaji, shemeji Salumu ataiuza. Alishasema hivyo siku ya arobaini, chai ikiwa mkononi.

Jumatano, 9 Agosti

Mabishano ya mkataba asubuhi nzima, Anjelina akienda na kurudi. Mkataba wa marehemu unasema vya ndani ni vyao, vya nje ya ukuta ni vya mwenye nyumba. Mashine imekaa katikati ya ukuta. Nani aitengeneze? Mwisho tumekubaliana nusu kwa nusu.

Nikasema aitwe fundi wa redio wa pale sokoni. Haiwezekani. Mkaguzi wa dawa wa wilaya anataka karatasi yenye saini ya fundi mwenye leseni, la sivyo chumba hakihesabiki kuwa ghala. Wa hapa hana leseni. Basi anatoka Mwanza. Nauli yake juu yetu, kulala juu yetu, kula juu yetu, na kuna malipo ya kufungua na kutazama tu, hata asipotengeneza. Kutazama kunalipiwa! Nimekasirika mpaka nikaunguza ubwabwa.

Ijumaa, 11 Agosti

Fundi amefika. Anaitwa Masanja. Kaja basi moja na shemeji Salumu, na njia nzima shemeji kamwambia habari za nyumba yangu kana kwamba ni yake.

Fundi alinisalimu kwa shikamoo nyuma ya pazia. Sauti ya kijana mpole. Alitaka kuivuta mashine iingie chumbani apate kuona mgongo wake. Shemeji akakataa. Ikivutwa linabaki tundu la kupita mtu, na humu ndani kuna mjane wa eda. Hapo shemeji alikuwa na haki, sina neno. Fundi kuingia uani ndiyo kabisa haiwezekani. Akaishia kusikiliza kwa sikio na kupapasa kwa mkono upande wa mbele.

Akasema kompresa, ndiyo moyo wa mashine, imekufa, au inakaribia. Inaagizwa Nairobi. Juu yake gesi. Juu yake usafiri. Shemeji aliniletea bei pazi­ani kwa sauti ya mtu aliyefurahi. Ni kodi ya miezi mingi. Nusu yangu tu siiwezi.

Kabla ya kwenda gesti kulala fundi aliuliza, "Samahani mama, huko nyuma pana kitu chochote kimeiziba?"

Nikajibu, "Hapana."

Nimesema uongo.

Jumamosi, 12 Agosti

Sikutulia leo. Kutoka jikoni mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka chooni. Kuku wamenikimbia.

Lipo jamvi. Jamvi zito la mama mkwe, lililotoka naye Tanga. Wapangaji walipofungua mashine kufuta vumbi, mwanga ulipenya pembeni na vijana wao wangeweza kuniona nikiwa kanga moja jikoni. Marehemu alichukua nyundo, akapiga misumari ukutani, akalifunga jamvi mgongoni mwa mashine kwa kamba za katani. Akalikaza pembe zote kama alivyokuwa akifunga magunia ya kahawa juu ya lori. Akaniambia, "Sasa kaa utakavyo." Wiki ileile akaanguka.

Ni kazi yake ya mwisho. Viatu vyake wamegawana. Baiskeli kachukua shemeji. Jamvi hakulitaka mtu.

Mimi si fundi. Huenda jamvi halihusiki. Huenda kweli ni kompresa.

Jumapili, 13 Agosti

Anjelina kapita akitoka kanisani. Kaleta ndizi za mama yake wa Nyamahanga. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani, yeye akiwa mgongoni, na ardhi ya kulima waliipata huko. Akanisaidia kumenya. Akaniambia mkubwa wake kaiona nyumba Ngara, nzuri, yenye dari. Naye atahamishwa pamoja na dawa. Hataki. Nami sitaki. Tukamaliza ndizi zote.

Shemeji naye ana habari. Kapata mnunuzi, mfanyabiashara wa Kahama. Ananiambia Tanga nitapewa chumba kwa wifi. Chumba! Nyumba hii niliibebea maji ya udongo nikiwa na mimba. Namchukia leo. Kesho pengine nitamsamehe.

Mashine ilipokata mchana, niliweka kiganja juu ya jamvi. Nikakiondoa upesi. Moto kama kifuniko cha sufuria.

Sasa najua.

Jumatatu, 14 Agosti

Fundi anaondoka kesho na pesa ya kuagizia kompresa. Shemeji kasema, nisipotoa nusu yangu, anamwita mtu wa Kahama. Nimezunguka uani tangu alfajiri. Nimelia. Nimejitukana. Nikachukua kisu, nikakirudisha jikoni. Kukata kamba zake sikuweza.

Baada ya sala ya alasiri nikapanda kinu na kuanza kufungua. Mafundo yake magumu, mwanamume yule alikuwa na mikono. Nimetumia kucha, nimetumia meno. Mate yangu yana ladha ya katani na vumbi. Kila fundo lililolegea niliona namfukuza nyumbani kwake. Nilimwambia kwa sauti, bila aibu, kwamba sina njia nyingine.

Fundo la pembe ya juu, karibu na paa, liligoma kabisa. Jamvi lenyewe lilikuwa limechakaa hapo. Nililivuta likachanika, kipande kikabaki kwenye msumari.

Mgongo wa mashine ulikuwa mweusi. Moshi wa jiko langu na vumbi la barabara vimeshikana kama uji. Upepo wa moto ukanipiga usoni.

Ilinguruma mpaka magharibi. Haikukata.

Jumanne, 15 Agosti

Nilimwita Anjelina mapema nikamwambia yote, na uongo wangu wa Ijumaa. Hakucheka. Alikwenda mbio kumzuia fundi kituoni.

Masanja akakaa chumba cha dawa, mimi uani, ukuta kati yetu. Kwanza akazima mashine na kuchomoa waya. Akanielekeza kupitia ukutani, nami nikafanya. Brashi laini, maji ya sabuni, kutoka juu kwenda chini, nisipinde yale mabati membamba. Nilisugua mpaka maji yakatoka meupe. Nguo yangu nyeupe ya eda imekuwa kama ya mchoma mkaa. Ikakauka, akaiwasha, akasikiliza.

"Kompresa nzima, mama," akasema. "Ilikuwa inakosa pumzi."

Nikamwomba radhi. Akasema hata yeye ana lake, alitaja bei kabla ya kuona mgongo. Karatasi ya mkaguzi kaitia saini. Tumelipa nauli, chakula na kutazama. Kusugua nimejilipa mwenyewe.

Shemeji alisimama pazia­ni. Nilimsikia akikohoa. Kisha akasema, "Haya shemeji, kaa na nyumba yako." Kaondoka na basi la fundi. Nimemsamehe, ila baiskeli bado inaniuma.

Jumapili, 20 Agosti

Wapangaji wamebaki. Anjelina na mama yake wamenijengea uzio wa matete, mbali kidogo na mashine, ipate kupumua nami nipate sitara. Umejengwa na wanawake peke yao, kwa hiyo umeelemea upande mmoja. Utanitosha.

Jamvi nimelifua, nimelitandika chumbani upande wake wa kitanda. Kamba nimezitia kwenye kopo lake la misumari.

Leo sikuzunguka. Nilikaa kwenye kigoda nikichambua mchele, malori yakipita. Kipande cha jamvi bado kinaning'inia pale juu na fundo lake. Mashine ikiwaka, kinatikisika.