Asteria Hakuwa Anaigiza

Damiano,

Dagaa wako kichanjani, uwaanue kabla kuku hawajawamaliza. Ugali nimeufunika.

Leo asubuhi mwanao Asteria amezimia tena, safari hii ziwani, akiogelea na wenzake. Wewe daktari wetu usiye na cheti ulishatamka kwamba anaigiza ili asioshe vyombo. Basi leo kaigiza mpaka midomo ikawa ya bluu. Ana kipaji.

Nimempeleka zahanati. Daktari mwenye cheti hakutaja kifafa wala mashetani. Alimshika mkono, akahesabu mapigo, akauliza kama kuna mtu wa ukoo aliyekufa ghafla angali kijana. Nikamwambia hakuna, ila mwanangu Erasmo, kaka yako, alizama. Akauliza kama alijua kuogelea.

Damiano, Erasmo ndiye aliyekufundisha wewe kuogelea. Nikamwambia hivyo.

Nimerudi kuchukua nguo tu. Tunakwenda hospitali ya Mbinga, akapimwe moyo kwa mashine. ~~Wewe baki na kuku wako.~~ Uje na wewe. Ile Jumapili uliyoanguka kanisani ukasingizia ubani, nimemsimulia daktari. Anataka nawe upimwe.

Gari likikuacha, liache liende. Usilikimbilie.

Mama yako