Mama Agoma Kupanda Mzani

Madungu,
Chake Chake, Pemba.
9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Buthaina,

Assalaam alaykum. "Sheria za ndege ni mbinu ya serikali kuwasumbua wanyonge." Hayo ni maneno ya mumeo Haitham, aliyomtumia mama kwa simu. Ni upuuzi, nami nitaubomoa. Ila kwanza, hujambo? Mtoto anaendeleaje? Sisi wazima, alhamdulillahi. Karafuu zimezaa, Madungu nzima inanukia.

Alhamisi nilimpeleka mama uwanja wa ndege, aanze safari ya kuja huko Maskati kumwona mjukuu. Ndege ya Unguja ni ndogo, kwa hiyo sheria yataka abiria apimwe uzito pamoja na mzigo wake. Mama akarudi nyuma. "Mie gunia la karafuu, nipimwe mbele za watu? Mkwe wangu kasema nisikubali!"

Kijana wa mzani, aliyekwisha kusikia habari za mjukuu, akamjibu, "Bibi, gunia halina mjukuu Maskati. Panda." Watu wakacheka, mama akanuna, ndege ikaondoka bila yeye.

Nyumbani alipovua baibui nikaona sababu ya pili. Kiunoni kajifunga khanga imejaa pweza wakavu wa kisiwa cha Fundo, uliowaagiza wewe! Alidhani hupimwa begi tu, mwili hupita bure.

Haitham angesoma kabla ya kusema. Zamani mwenye ndege alirusha atakavyo, na watu wakafa. Mwaka 1919 mataifa yalikutana Paris, yakakubaliana kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya anga lake, ndege isajiliwe, rubani awe na cheti. Marekani, serikali kuu ilichelewa kutunga sheria mpaka 1926, na miongoni mwa walioidai sheria ni wafanyabiashara wa ndege wenyewe, maana abiria waliogopa kupanda. Mnyonge gani alisumbuliwa hapo? Aliyelindwa ni mama yako.

Pweza tumemtia nazi, tumemla. Usinidai.

Mke wangu Mwanamize na jirani yetu Mzee Vuai wanakusalimu. Mungu amkuze mwanao katika heri, amjaalie ulimi wa mjomba wake.

Ningepiga simu, lakini Haitham hukata nikianza hoja, ndiyo maana nampa rafiki yangu Hudhaifa barua hii, anasafiri kesho kuja huko. Mama ana nafasi nyingine Jumamosi, na ameapa hapandi mzani mpaka mkwewe aseme. Basi wewe Haitham, maana najua nawe utaisoma, mpigie kabla ya Jumamosi, umwambie ulikosea. Nawe Buthaina, mwambie mama humtaki pweza, unamtaka yeye.

Kakako akupendaye hata akigomba,
Talib