Panya wa Nyumba ya Mama

Siakago,
9 Machi 1986

Kwa kaka yangu Mbaka,

Pokea salamu nyingi katika jina la Bwana. U hali gani huko Nakuru, na wifi yangu Ntinyari na watoto wanaendeleaje? Sisi huku tuko salama, ila jua la Mbeere halimhurumii mtu.

Niko kwa Mama tangu juma lililopita. Mume wangu nimemwacha Gachoka ajipikie, atajua thamani yangu. Mama aliniita kwa sababu ya panya, na kaka, panya hawa si mchezo. Wametoboa magunia ya ndengu, wamekula sabuni, tena wamezaa ndani ya kile kiondo alichokisuka mwenyewe. Nilishangaa, maana unamjua Mama: punje moja ikianguka, ataiokota hata kama ana wageni. Sasa nilikuta ndengu zimetapakaa hadi chini ya kitanda. Nikamtania kwamba uzee umemfanya mvivu, naye akacheka tu.

Nilifagia, nikaziba mashimo kwa udongo, nikaazima paka wa jirani yetu Ciakuthii. Paka mwenyewe alikula akalala. Basi nikanunua dawa ya panya sokoni, nikaichanganya na ugali mpaka ukawa mwekundu, nikauweka kwenye sahani kando ya magunia. Nilimwonyesha Mama kwa kidole, akaitikia kwamba ameona.

Asubuhi nilitoka kuteka maji. Niliporudi nilimkuta ameketi na sahani ile mapajani, tonge liko karibu na mdomo. Nilimpiga mkono, sahani ikaruka. Nikakaa chini nikalia. Nilimuuliza kama hakuuona ule wekundu. Akasema alidhani ni ugali niliomwekea yeye.

Kaka, Mama haoni. Tangu mavuno ya mwaka jana anaona watu kama moshi, na ndengu anazichagua kwa vidole. Aliniapisha nisikuambie. Anasema ukijua utamhamishia Nakuru, na huko hata mlango hataujua, ilhali hapa miguu yake inaijua nyumba. Niliapa, na sasa nimevunja kiapo, Mungu anisamehe.

Muuguzi wa zahanati amemtazama. Anasema huenda ni mtoto wa jicho, na kwamba hospitali kubwa wanaweza kumpasua akaona tena. Mama amekataa. Anaogopa, ingawa hawezi kukiri. Mimi hanisikii, wewe atakusikia. Njoo umpeleke, kisha umrudishe hapa hapa kwake. Nakuomba sana, usije kumchukua.

Panya nimeanza kuwamaliza kwa mitego. Sumu sitaki tena kuiona.

Na ukifika, taja jina lako ukiwa bado mlangoni. Juzi mwuza mkaa alipiga hodi, Mama akainuka mbio akampapasa uso, akimwita Mbaka.

Nisalimie wote wa nyumbani kwako, na Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Wanjugu