Kwa Dokta Harlan Teague, Aliyedai Mikono Miwili Inatosha

Mwaka umetimia, Harlan, tangu utuache ile Jumanne ya theluji ya mwisho, nami natangaza kwa fahari humu gazetini, mji mzima usome, kwamba sijadondosha chozi hata moja. Isipokuwa siku ya mazishi. Na siku ile dukani, mbele ya makopo ya maharage, bila sababu yoyote. Na leo asubuhi. Lakini ya leo siyahesabu, nilikuwa nakata vitunguu.

Kikombe chako bado kipo pale dirishani. Kile ulichokuwa ukikikumbatia kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, kahawa ikapoa humo bila kunywewa, kwa sababu ulisema mgongo ukiguswa na mkono wa baridi hujikunja kama konokono na hausemi kitu. Miaka thelathini na minne nilimwaga kahawa yako. Hata sasa namimina vikombe viwili. Cha pili nakiacha kipoe, halafu namwaga. Mazoea yana taabu.

Watu walikuletea viuno, vifua, mimba, na watoto wenye masikio yanayouma. Aliyestahili dawa ulimpa dawa, aliyestahili kushonwa ulimshona, kama daktari yeyote. Ila kwanza ulimgusa. "Mdomo hunieleza anachotaka nijue," ulikuwa ukisema, "mgongo hunieleza yaliyobaki." Na mimi maskini, mtu wa darasa la nane, nikaolewa na mwanamume asiyedanganyika, maana akiweka vidole viwili chini ya kisogo changu ananisoma kama gazeti.

Kwa jambo moja tu ulikuwa mkaidi kama nyumbu wa baba yako. Chama.

Kila mwaka mpya ilikuja barua kutoka chama cha madaktari wa osteopathia, madaktari wa shule yako, wanaotibu kwa dawa na kwa mikono, wakikukaribisha. Wewe ukaikunja ukaiweka chini ya mguu mfupi wa meza ya jikoni. Siku zile hospitali ya karibu, nisiyoitaja kwa kuwa ndiyo inayonitibu macho sasa, haikuwa ikiwaruhusu madaktari wa aina yenu kutibu ndani yake. Mgonjwa wako akizidiwa, ulimfikisha mlangoni, kisha ukakaa kwenye gari kama dereva.

Nikakuambia, "Harlan, wenzako wanaupigania mlango huo. Jiunge nao."

"We bibi," ukanijibu, "mwenye mikono miwili hahitaji chama."

Nikakubali. Unanijua ninavyokubali. Ulipotoka nikainua meza, nikachomoa barua, nikajaza fomu kwa kalamu yako, nikatia sahihi yako, ambayo kwa kweli naiandika vizuri kuliko wewe.

Januari ile ukateleza kwenye barafu ya ngazi, ukavunja mkono wa kulia. Nilikukuta jikoni, mkono umefungwa plasta, unautazama kama mtu anayetazama mbwa wake aliyekufa. Mafua yalikuwa yameujaza mji. Ruby, mke wa mwalimu, alibakiza wiki mbili ajifungue. Na daktari ni wewe peke yako, maili arobaini kila upande.

"Verna," ukasema, "nimekwisha."

Sikuwahi kukusikia ukisema hivyo. Nikaenda kwenye simu ya ukutani nikampigia katibu wa chama.

Jumatatu akaja daktari mmoja kutoka kaunti ya jirani. Jumatano akaja Dokta Ebling, yule mwenye kipara, mkono mmoja mkoba, mkono wa pili keki ya mkewe. Wiki sita walipokezana, kila mmoja akiwaacha wagonjwa wake ili aje kwa wako. Dokta Nadine Kessinger, binti mbichi kabisa kutoka shuleni, ndiye aliyemzalisha Ruby. Mzee Lester Boggs, yule mfuga nguruwe, aliapa haguswi na mwanamke, mpaka kiuno kikamshinda. Kuanzia hapo akaapa haguswi na mwingine.

"Nani kawaita hawa?" ukaniuliza.

"Mimi nitajuaje? Labda Mungu katuona."

Ukaweka vidole viwili vya mkono wako mzima chini ya kisogo changu.

"Na Mungu huyu jina lake Verna?"

Tangu hapo hukukosa mkutano hata mmoja. Chama kilihangaika miaka mitatu kule mji mkuu wa jimbo, na mlango ule ukafunguka. Siku ya kwanza uliingia umevaa koti la harusi yetu, vifungo vikilia. Kila masika ulirudi kutoka mkutanoni na mambo mapya ya dawa, ukinisomea mezani kama kwamba mimi ndiye mgonjwa. Lakini mimi nitakuambia faida niliyoiona kuliko zote. Ni ile simu ya Alhamisi. Baada ya chakula Ebling alipiga, mkabishana saa nzima juu ya nyonga ya mtu bila kumtaja jina. Wewe uliyekaa na magonjwa ya watu miaka kumi na moja bila wa kumuuliza, nikakusikia unasema, "Hii nawe umewahi kuiona?" Na huko upande wa pili akakujibu kwamba amewahi. Ukacheka. Nilikuwa naosha vyombo nikasimamisha maji ili nisikie vizuri.

Ebling naye alitangulia. Sasa Alhamisi nakaa karibu na simu ile, nashona kitu kisichohitaji kushonwa. Jarida la chama bado linakuja kwa jina lako, nami sijawaambia waache. Nalisoma lote. Nusu siielewi, nusu ya pili naipinga.

Binti yetu Joleen anataka nihamie kwake Oregon. Nimemwambia sina nafasi, Jumatatu tunashona blanketi kanisani, Jumatano ni chakula cha pamoja. Joleen, kama unasoma hapa, ruka mstari unaofuata. Kushona kulikufa tangu macho ya Opal, mshonaji wetu mkuu, yalipoharibika, na meza ya Jumatano tumebaki wawili, na mwenzangu hasikii.

Wanaokukumbuka, Harlan, ni Joleen na mumewe Curtis, wajukuu wako Darla na Wade, dada yako Imogene, na kiuno cha Lester Boggs. Jina langu halimo, maana mimi, kama nilivyotangaza, nimeshazoea.

Wiki iliyopita alikuja Nadine. Nywele zimekuwa mvi, na mwaka huu ndiye mwenyekiti wa chama. Akaniambia mkutano wa Aprili watayasoma majina ya waliotangulia, lako likiwemo, na ipo meza ya wajane na wagane wao, wanacheka mpaka wanafukuzwa ukumbini. Atakuja kunichukua mwenyewe.

"Mwanangu," nikamwambia, "mwenye mikono miwili hahitaji chama."

Hakucheka. Alichukua kikombe chako dirishani, akamimina kahawa, akakishika mpaka mikono ikapata joto. Kisha akaja nyuma ya kiti changu.

"Unalala, Mama Verna?"

"Kama gogo."

"Unakula?"

"Kama nguruwe wa Lester."

"Na Dokta? Unamkumbuka?"

"Nani, Harlan? Ah. Siku hizi wiki inapita hata sijamuwaza."

Vidole viwili chini ya kisogo, Harlan. Vya moto. Pale pale pako.

"Mwongo mkubwa," akasema Nadine, taratibu. "Ijumaa ya kwanza ya Aprili, saa mbili asubuhi, uwe umevaa viatu."

Haya, mhariri, liongeze na jina langu: Verna, mkeo, ambaye haijampita saa moja bila kukuwaza.