Mama Anuse Kwanza

Perina,

Nimetoka tena na mashua. Samaki wa jana wako kwenye sinki, wapare kabla paka hajakuwahi.

Usishangae shati langu kunuka zeituni. Asubuhi, mlangoni mwa bandari, presha ya giaboksi ilishuka hadi sifuri. Injini inanguruma, mashua haisogei, mawimbi yanatusukuma kwenye mawe! Kaka yako Šime akanivuta kwa kamba hadi gatini. Nikafungua chujio, nikakagua mipira yote ya kupitisha oili, nikatukana kila mtakatifu. Mama yako, aliyeniletea mkate, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa. "We mkwe, giaboksi umeitilia mafuta yangu ya saladi?"

Kweli bwana. Madumu yale ya stoo yanafanana. Tumemwaga yote, Šime katugawia oili yake, presha imepanda vizuri.

~~Mwambie mama asimsimulie mtu.~~ Mwache asimulie kisiwa kizima, ni haki yake. Bila pua yake ningeifumua giaboksi nzima bure. Mwambie namshukuru sana. Mimi mwenyewe naona haya.

Ila saladi ya mchana msiitie kitu mpaka mama anuse dumu la jikoni. Lile la oili bado sijaliona.

Baba Tonči