Shati la Nne

Myrtle Beach, Jumatano

Kaka Wendell,

Sisi wazima, ila mvua imetunyima bahari. Mama anakaanga kamba kila siku, na nywele zake zimegoma kulala.

Asubuhi tulibishana kama twende kwenye yale maduka ya bei ya punguzo. Unamjua baba: "Yaani nimeendesha gari kutoka Ohio nije kupanga foleni ya soksi?"

"Basi picha tutapiga na nguo za kulalia!" mama akamjibu.

Tukaenda, kwa ajili ya mashati meupe ya ile picha yetu ya familia mchangani, kama kila mwaka. Nikachagua matatu. Baba, ambaye tangu mgombane hajalitaja jina lako, akaongeza la nne, pana mabegani.

"Hilo litakupwaya, mzee," mama akasema.

"Nani kasema ni langu?"

Akaenda nalo kulipa.

Unakumbuka baba hakati lebo ya nguo mpaka awe na uhakika hairudishi dukani. Yetu bado yananing'inia lebo. La nne amelikata lebo yeye mwenyewe, kwa kisu chake cha kuvulia samaki, akalitundika karibu na mlango.

Picha ni Jumamosi jioni. Baba bado anasema tulipoteza siku nzima bure kule madukani. Lakini kila gari likipunguza mwendo hapo nje, yeye ndiye wa kwanza kuinuka.

Mdogo wako,
Lorna